Kumchukua Majeruhi na Kumuuguza: Mafunzo Kutoka Katika Historia

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyempa binadamu uhai, akaufanya uhai huo kuwa amana mikononi mwake na mikononi mwa wenziwe. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake wote, na kila aliyewafuata kwa wema hata Siku ya Malipo.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu mliohudhuria hapa msikitini, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani, wazee kwa vijana, akina mama na wanafunzi: nakuusieni na naiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo watu wengi hulifikiria siku lilipowafika tu, nalo ni kazi ya wale wanaomchukua mgonjwa wa ghafula au majeruhi, na kazi ya wale wanaompokea na kumuuguza. Tutaitazama historia ya kazi mbili hizo, tuone vipi zilivyoanza pamoja, vipi zilivyotengana kwa baadhi ya watu, na watu wakafa kwa sababu ya kutengana huko, na nini wajibu wetu sisi leo.

Hapana budi tuanze na asili ya jambo lenyewe. Katika Suratul Maida, aya ya 2, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tusaidiane katika wema na ucha-Mungu. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 32, ametufundisha kwamba mwenye kuiokoa nafsi moja huwa ni kama aliyewaokoa watu wote. Ukizisoma aya mbili hizi pamoja utaona kwamba kuokoa nafsi ni katika wema mkubwa kabisa, na kwamba wema huo umekwisha amrishwa uwe ni wa kusaidiana. Naye Mtume (S.A.W.) ametufananisha Waumini na mwili mmoja, ambao kiungo chake kimoja kikiumwa mwili mzima hukesha kwa homa. Basi mkono unaobeba na mkono unaofunga jeraha ni viungo vya mwili huo mmoja.

Masahaba hawakuyaacha maneno haya yakae vitabuni. Tutazame Vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, uliowafikiana na mwaka 625. Siku hiyo Waislamu walipata msiba mkubwa, na Mtume mwenyewe (S.A.W.) alijeruhiwa usoni na jino lake likavunjika. Imam Bukhari amepokea habari ya namna jeraha hilo lilivyotibiwa. Sayyidna Ali (R.A.) alileta maji ndani ya ngao yake akawa anamiminia, na Bibi Fatma (R.A.) akawa anaosha damu. Bibi Fatma alipoona kwamba maji hayaizuii damu bali yanaizidisha, alichukua kipande cha jamvi, akakichoma mpaka kikawa jivu, akalibandika jivu lile juu ya jeraha, damu ikasimama.

Zingatieni, ndugu zangu. Hapakuwa na muda wa kushindana. Mmoja alileta maji na kumimina, na mwingine alikuwa na jicho juu ya jeraha. Aliyekuwa na jicho juu ya jeraha ndiye aliyetambua kwamba dawa ya kwanza haifai, akabadilisha, na mwenziwe akamfuata. Wala haikusimuliwa kwamba Sayyidna Ali, pamoja na ushujaa wake na cheo chake, alisema kwamba yeye ndiye wa kuamua.

Katika uwanja huo huo wa Uhud, Anas (R.A.) anasimulia kwamba alimwona Bibi Aisha na Bibi Ummu Sulaym (R.A.) wamepandisha nguo zao, wanakwenda mbio na viriba vya maji migongoni, wakiwanywesha watu, kisha wakirudi kujaza na kuja tena. Naye Bibi Rubayyi binti Muawwidh (R.A.) ameeleza, katika mapokezi ya Bukhari, kwamba wao wanawake walikuwa wakitoka pamoja na Mtume (S.A.W.), wakiwapa watu maji, wakiwahudumia, na wakiwarudisha majeruhi na waliouawa mpaka Madina. Na Bibi Ummu Atiyya (R.A.), katika mapokezi ya Imam Muslim, amesema kwamba alitoka katika vita saba, akibaki nyuma penye mizigo, akipika chakula, akitibu majeruhi na kuwaangalia wagonjwa.

Tukizikusanya hadithi hizi tunaona utaratibu mzima: kuna wanaoingia uwanjani na maji, kuna wanaochukua majeruhi na kuwarudisha mjini, na kuna wanaokaa nyuma wakipokea, wakitibu na kupika. Hao wote wamehesabiwa katika watu wa jihadi, wala hatusomi popote kwamba mchukuzi alidharauliwa kwa kuwa hakutibu, au muuguzi alidharauliwa kwa kuwa hakufika mstari wa mbele.

Kisha mwaka wa 5 Hijria, yaani 627, vikaja Vita vya Handaki. Katika vita hivyo Saad bin Muadh (R.A.), mkuu wa kabila la Aus, alipigwa mshale katika mshipa mkubwa wa mkono. Kila mwenye kujua habari za mwili anajua kwamba jeraha la mshipa huo linaweza kumaliza damu ya mtu kwa muda mfupi. Imam Muslim amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alilichoma jeraha hilo kwa mkono wake ili damu isimame, na lilipofura akalichoma mara ya pili. Kisha Saad hakurudishwa nyumbani kwake. Alipelekwa kwa mwanamke aliyeitwa Rufaida, ambaye alikuwa akitibu majeruhi, na hema lilipigwa ndani ya msikiti wa Mtume ili awe karibu. Mtume (S.A.W.) alikuwa akipita kwake jioni na asubuhi akimuuliza hali.

Bibi Rufaida wa kabila la Aslam ndiye ambaye wauguzi wa Kiislamu wa leo humtaja kuwa ni mama yao katika kazi. Hema lake ni darasa kubwa. Kwanza, lilikuwa mahali panapojulikana, mchukuzi hakuuliza majeruhi apelekwe wapi. Pili, lilikuwa karibu na mwenye amri, basi mambo hayakungoja. Tatu, alikuwapo mtu mwenye ujuzi aliyekwisha kuwa tayari kupokea kabla ya majeruhi hajafika.

Saad aliitwa, akiwa katika hali hiyo, kwenda kutoa hukumu katika jambo la Bani Quraidha. Wanahistoria wa sira wanasimulia kwamba watu wa kabila lake walimpandisha juu ya punda, na kwa kuwa alikuwa mtu wa mwili mkubwa walimtandikia mto wa ngozi, wakamzunguka njiani. Angalieni mto huo wa ngozi. Miaka zaidi ya 1,100 kabla ya gari la wagonjwa lenye godoro na springi, watu wa Aus walikwisha fahamu kwamba majeruhi anaweza kuuawa na safari yenyewe, na kwamba mchukuzi ana wajibu juu ya jeraha hata kama yeye si tabibu.

Saad alirudi katika hema lake, na usiku mmoja jeraha likapasuka. Ndani ya msikiti palikuwa na hema jingine la watu wa Bani Ghifari, nao hawakushituka ila kwa kuona damu inawatiririkia kutoka upande wa Saad. Akafariki dunia, Mwenyezi Mungu amridhie. Pengine mtu atasema: basi juhudi zote zile zilifaa nini? Jawabu ni kwamba ajali imo mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na juhudi imo mikononi mwetu. Aliyemchukua alitimiza, aliyemuuguza alitimiza, na Mtume (S.A.W.) hakumlaumu hata mmoja. Ole wake anayeyafanya maneno ya “ajali imefika” kuwa pazia la kuufunika uzembe wake.

Ndugu zangu wasikilizaji, mwendo huu haukukatika baada ya zama za Masahaba. Miji ya Kiislamu ilipokua, hospitali zilijengwa, zikiitwa bimaristani. Huko Baghdad, katika mwanzo wa karne ya 4 Hijria, waziri Ali bin Isa alimwandikia tabibu mkuu Sinan bin Thabit, ambaye alifariki mwaka 943, amri mbili. Ya kwanza ilikuwa matabibu waingie magerezani kila siku, wakiwa na dawa na vinywaji, wawatazame wafungwa. Ya pili ilikuwa matabibu watoke na sanduku la dawa wazunguke mashamba ya Iraki, mahali pasipokuwa na tabibu. Na katika dola ya Waseljuki, zama za Sultani Mahmud aliyetawala baina ya mwaka 1118 na 1131, imesimuliwa habari ya hospitali nzima iliyokuwa ikisafiri na jeshi, ikibebwa na ngamia 40, pamoja na mahema yake, dawa zake, matabibu na watumishi wake. Hapo mwenye kuchukua na mwenye kuuguza walikuwa katika msafara mmoja, wakila chungu kimoja.

Lakini habari inayonipendeza zaidi, kwa kuwa leo ni Ijumaa, ni ya msikiti wa Ahmad bin Tulun huko Misri, uliomalizika kujengwa mwaka 879. Mwanahistoria Al-Maqrizi ameandika kwamba nyuma ya msikiti huo pamewekwa mahali pa kutilia udhu na pa kuwekea dawa, pana watumishi, na siku ya Ijumaa hukaa hapo tabibu kwa ajili ya mtu yeyote katika wenye kusali atakayepatwa na jambo la ghafula. Naam, zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, mwenye kujenga msikiti alifikiri kwamba palipokusanyika maelfu ya watu lazima mmoja ataanguka, akamwekea tabibu kabla hajaanguka. Nasi tujiulize: katika misikiti yetu mikubwa, na katika maulidi na hitima zetu, mzee akianguka katika safu, ni nani anayejua la kufanya?

Ahmad bin Tulun alijenga hospitali vile vile, na iliwekewa sharti moja linalotuhusu khasa. Mgonjwa alipoingia, nguo zake na fedha zake zilichukuliwa na kuwekwa kwa mtu mwaminifu wa hospitali. Alivikwa nguo nyingine, akalazwa, akapewa chakula na dawa mpaka apone. Alipoweza kula mkate na kuku alirudishiwa fedha zake na nguo zake akaruhusiwa kwenda. Hii ndiyo maana ya kukabidhiana. Hata nguo za mgonjwa zilikuwa na mtu wa kuzipokea na kuzijibu. Sembuse roho yake?

Kadhalika Sultani Qalawun. Alipokuwa amiri, aliugua Dameski akatibiwa kwa dawa zilizotoka katika hospitali ya Nuruddin. Akaweka nadhiri kwamba akipewa ufalme atajenga mfano wake, na mwaka 1284 hospitali yake ya Al-Mansuri ikafunguliwa Kairo. Ilikuwa na sehemu mbali mbali: za homa, za macho, za majeraha, na za wanawake peke yao, na wakfu wake ulilipa mishahara ya watumishi wanaume na wanawake waliowahudumia wagonjwa. Waliotusimulia habari zake wanataja mtumishi wa vitanda katika orodha moja na tabibu, kwa kuwa wakfu uliwahesabu wote kuwa ni watu wa kazi moja.

Sasa natutazame upande mwingine wa dunia, maana hekima ni mali ya Muumini, popote aionapo ni haki yake kuichukua. Katika majeshi ya Ulaya ya karne ya 18, kuchukua na kutibu vilikuwa vimetengana kabisa. Sheria ya jeshi la Ufaransa ilitaka magari ya tiba yakae mbali na uwanja wa vita, na majeruhi waachwe walipoanguka mpaka vita viishe. Wengi walikufa kwa kungoja usiku na mchana. Mwaka 1792 daktari kijana aliyeitwa Dominique-Jean Larrey aliyaona hayo katika jeshi la mto Rhine. Akatengeneza magari mepesi yenye springi, yaliyokokotwa na farasi, yakaingia mpaka karibu na mapigano yakiwa na matabibu na wasaidizi wao. Akaweka kanuni kwamba atangulizwe aliye katika hatari kubwa zaidi, bila ya kutazama cheo chake. Jeshi hilo lilipoivamia Misri mwaka 1798, Larrey aliona magari hayafai mchangani, akachukua ngamia, kila ngamia akifungiwa makapu mawili ya kulaza majeruhi. Uvamizi ulikuwa dhulma. Lakini fikra ya kumpeleka tabibu kwa majeruhi badala ya kumngojea ilikuwa fikra njema, na nchi ya Waislamu ndiyo iliyomfundisha ngamia wake.

Miaka 62 baadaye, katika Vita vya Krimea, kosa lile lile lilirudi kwa sura nyingine. Askari wa Kiingereza walichukuliwa kwa meli kuvuka Bahari Nyeusi mpaka Uskudari, mbele ya Istambul, na wengi walifia melini. Mwezi wa Novemba 1854 Bibi Florence Nightingale aliwasili hapo na wauguzi 38. Alikuta kambi chafu yenye mifereji iliyoziba, na vifo viliendelea kuwa vingi mno mpaka mifereji ilipozibuliwa na majengo yaliposafishwa mwaka 1855. Yapo hapo mafunzo mawili. Hospitali nzuri haimfai aliyekufa njiani, na safari nzuri haimfai anayefikishwa mahali pabaya.

Kisha tarehe 24 Juni 1859 palitokea mapigano ya Solferino, kaskazini ya Italia. Mfanya biashara wa Uswisi, Henry Dunant, alifika na kukuta maelfu ya majeruhi wamejaa katika makanisa na majumba ya mji wa Castiglione, na wanawake wa mji wanawauguza bila ya kuuliza huyu ni wa jeshi gani. Kutokana na aliyoyaona, kamati ya kuwasaidia majeruhi iliundwa Geneva mwaka 1863, na mwaka 1864 mataifa yalitia saini mkataba. Mkataba huo uliwalinda wauguzi na matabibu, na pamoja nao ukawalinda wachukuzi wa majeruhi. Dunia ikakiri kwa maandishi kwamba ukimpiga mchukuzi umempiga muuguzi. Dola ya Uthmaniya ilipokuwa vitani mwaka 1876 ilitangaza kwamba itatumia alama ya mwezi mwekundu badala ya msalaba, na mwaka 1929 alama hiyo ikatambuliwa rasmi.

Enyi wanafunzi, msidhani kwamba mataifa yenye mali yalikwisha kulitatua jambo hili zamani. Mwezi wa Novemba 1966, katika mji wa Pittsburgh, Marekani, David Lawrence, aliyekuwa gavana wa jimbo la Pennsylvania, alianguka moyo ukasimama akiwa anahutubia mkutano. Muuguzi mmoja alikuwamo ukumbini, akaanza kumhuisha. Lakini gari lililokuja lilikuwa gari la polisi, kwani katika mji ule polisi ndio waliochukua wagonjwa, nao hawakuwa na mafunzo ya kazi hiyo. Hospitalini moyo wake ulirudishwa kupiga, ila ubongo ulikwisha kosa hewa kwa muda mrefu, na baada ya siku 17 akafariki. Muuguzi alifanya yake na hospitali ikafanya yake, na kamba ikakatikia baina yao, njiani.

Na katika mji huo huo mwaka 1967, vijana weusi wa mtaa wa kimasikini, ambao wengi waliambiwa kwamba hawafai kwa kazi yoyote, walifundishwa kwa saa 300 hivi kuendesha huduma iliyoitwa Freedom House. Daktari Peter Safar, mmoja wa walioasisi njia ya kuhuisha pumzi, ndiye aliyetunga mafunzo yao, na walifundishwa hospitalini bega kwa bega na madaktari na wauguzi. Walikuwa katika watu wa kwanza Marekani kumtibu mgonjwa ndani ya gari. Huduma yao ilifungwa mwaka 1975, lakini mafunzo yao yakawa mfano wa kufuatwa nchini kote. Na kabla yao kidogo, mwaka 1966, Daktari Frank Pantridge wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, alimtoa daktari na muuguzi wadini, akawaweka ndani ya gari pamoja na mashine ya kushitua moyo iliyotumia betri za gari. Mgonjwa wa moyo akawa anafikiwa na wodi kabla yeye hajaifikia wodi.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki tunayo kumbukumbu yetu nzito. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani zilipigwa mabomu Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi waliuawa zaidi ya watu 200 na kujeruhiwa maelfu, na wengi wao walikuwa wapita njia na watu wa kazi, Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Uislamu uko mbali na kitendo kile. Wananchi walionyesha huruma kubwa: walifukua vifusi kwa mikono, wakawabeba majeruhi kwa teksi, matatu, mabasi na magari yao wenyewe. Lakini kwa kukosekana utaratibu, wengi walikimbizwa katika hospitali zile zile chache zilizo karibu, pasipo mtu wa kutanguliza aliye mahututi na kuchelewesha mwenye mkwaruzo. Huruma ilikuwapo tele. Kilichopungua ni mpango wa kuiunganisha huruma ile na mlango wa hospitali.

Tokea hapo zimefanyika juhudi za kusifiwa. Tanzania ina mpango wa m-mama, uliotangazwa mwaka 2022 kuenezwa nchi nzima. Mama mjamzito mwenye dharura, au muuguzi wa zahanati, hupiga simu, na anayepokea huita gari la wagonjwa, na likikosekana huita dereva wa jamii aliyekwisha andikishwa, kisha huiarifu hospitali ijitayarishe. Huu ndio mwendo wa hema la Rufaida: mahali panajulikana, mchukuzi anajulikana, na mwenye kupokea yuko tayari.

Sasa, ndugu zangu, mafunzo ni nini? Nitayataja kwa ufupi, na kila mmoja achukue lake.

La kwanza ni kwa wahudumu wa gari la wagonjwa na wauguzi. Saa ya kukabidhiana mgonjwa ni saa ya amana. Mchukuzi aseme waziwazi: nini kimempata, saa ngapi, nimemkuta katika hali gani, nimemfanyia nini, na njiani amebadilika vipi. Kama alifunga kitambaa cha kubana damu, aseme alikifunga saa ngapi, kwani kiungo kilichobanwa muda mrefu hufa. Na muuguzi amsikilize mpaka amalize, kisha ayarudie aliyoyasikia ili kuhakikisha, na ayaandike. Muuguzi anayemwambia mchukuzi, “Weka hapo, nenda,” ameitupa nusu ya dawa ya mgonjwa, kwa kuwa aliyeiona ajali ni yule aliye mlangoni. Na mchukuzi anayemwacha mgonjwa koridoni bila ya kumkabidhi kwa mtu hajafika bado, hata kama gari lake limefika. Pia asivuke mpaka wa ujuzi wake, kwani Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye kutibu hali hajulikani kuwa ni tabibu, basi yeye ndiye mdhamini wa madhara yatakayotokea.

La pili ni kwa wanaoona haya au shaka kwa ajili ya dini. Mwenye kuumia akimkosa wa jinsi yake mwenye ujuzi, huhudumiwa na aliyepo, kwa kadiri ya haja na kwa kuhifadhi stara. Dharura huhalalisha kilichokatazwa, na mfano wa Bibi Rubayyi na Bibi Rufaida umetutosha. Muuguzi aliye zamu na mgonjwa asiyeweza kuachwa ana udhuru wa kutohudhuria Ijumaa, atasali Adhuhuri. Na Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 1262, ameeleza kwamba kumwokoa anayezama hutangulizwa juu ya kusali sala kwa wakati wake, kwa sababu sala yaweza kulipwa, na roho iliyotoka hairudi. Basi dereva wa gari la wagonjwa asihuzunike kwamba adhana imempita njiani. Yuko katika ibada.

La tatu ni kwa sisi sote. Tukisikia king'ora cha gari la wagonjwa tulipishe, kwani anayezuia njia yake anazuia pumzi ya mtu. Tukimkuta majeruhi barabarani tusimkurupushe na kumrundika garini kama gunia, ila akiwa katika hatari ya moto au kugongwa tena. Tukandamize jeraha linalotoka damu kwa kitambaa safi, wala tusimnyweshe maji asiyekuwa na fahamu. Mmoja wetu, si kumi, afuatane naye, naye ajue la kusema: umri wake, maradhi yake kama ya kisukari au presha, dawa anazotumia, na kama ni mjamzito. Tufikapo hospitali tusiujaze mlango na kuwapigia wauguzi kelele. Watu wa Bani Ghifari waliiona damu wakauliza imetoka wapi. Hivyo ndivyo apasavyo kuwa jirani wa mgonjwa: macho mawili wazi na sauti ya upole.

Na la nne ni kwa wenye uwezo na wenye kuongoza jamaa. Wakfu si msikiti na kisima peke yake. Kununua machela ya kijiji, kulipia mafuta ya gari la wagonjwa, kuwasomesha vijana kumi huduma ya kwanza ili watano wawe msikitini kila Ijumaa: hiyo yote ni sadaka yenye kuendelea. Ahmad bin Tulun aliweza miaka 1,100 iliyopita. Hatuna udhuru sisi wenye simu mikononi.

Ewe Mwenyezi Mungu, waponye wagonjwa wetu, na uwarehemu waliotutangulia. Wape nguvu wauguzi wetu na wachukuzi wa wagonjwa wetu, uziunganishe nyoyo zao na mikono yao, uwahifadhi njiani usiku na mchana, na uwalipe malipo ya wenye kuhuisha nafsi. Utujaalie tuwe wenye kusaidiana katika wema, wala usitujaalie kuwa sababu ya kupotea kwa amana. Nasema niliyoyasema, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu na ya Waislamu wote. Muombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu. Amin.